Nikizima arifa nakosa wateja, nikiziwasha sipumziki

Swali: Nauza mashuka na vitenge hapa Morogoro na wateja wangu wengi hunipata kwa WhatsApp. Simu yangu ni Android toleo la 13. Inalia tangu alfajiri: magrupu, mikopo ya mtandaoni, mikeka, habari, hata vitu nisivyovijua vinavyoniambia simu yangu ina virusi. Mwezi uliopita nilichoka, nikawasha Usinisumbue nikaiacha hivyo. Kwa siku nne kulikuwa kimya, lakini nilikuwa naishika simu kila baada ya dakika chache kuona kama kuna kilichonipita. Na kweli vilinipita: oda mbili za mashuka, na shule ilinipigia mara tatu mtoto akiwa na homa. Nimerudisha kelele zote kama zamani. Jirani ananiambia kuna programu ya kupakua inayochambua arifa. Ipi ni nzuri?

Jibu: Pole sana dada, hasa kwa hilo la shule. Nianze na la programu ya kupakua, kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza zaidi ukilikosea: usipakue yoyote. Kifaa cha kuchambulia arifa unacho tayari, kimo ndani ya Mipangilio ya simu yako, na kina nguvu kuliko chochote utakachokuta kwenye duka la programu.

Programu ya nje haiwezi kuchambua arifa zako bila kuzisoma. Kwa hiyo ukiifungua mara ya kwanza itakuomba ruhusa ya kufikia arifa, na ukikubali, kila kinachotokea kwenye simu yako kinapita mbele ya macho yake: jina la mteja, kiasi alichokutumia, salio lililobaki, na zile namba za uthibitisho ambazo benki hukutumia utumie mara moja tu. Hatari hii ni ya kweli kiasi kwamba kuanzia Android 15 mfumo wenyewe umeanza kuzificha namba hizo zisisomwe na programu zisizoaminika. Wewe uko kwenye 13, hivyo kinga hiyo huna. Leo hii, kabla ya jambo lingine, fungua Mipangilio, ingia kwenye Arifa, utafute sehemu inayoonyesha ni programu zipi zinaruhusiwa kusoma arifa zako. Kama una saa janja, programu yake utaikuta hapo na ni halali yake. Ukikuta ya mikopo, ya tochi au ya kusafisha simu, iondolee ruhusa hiyo papo hapo.

Sasa lile la kuishika simu kila baada ya dakika chache. Usidhani ni udhaifu wako. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya India kwa watu zaidi ya 200, kwa wiki mbili. Kundi moja liliendelea kupata arifa kama kawaida, jingine lilizipata kwa mafungu kwa saa zilizopangwa, na jingine halikupata kabisa. Waliopewa kwa mafungu matatu kwa siku ndio waliotulia, wakaweka akili kwenye kazi zao na kujiona wanaitawala simu. Waliozimiwa zote hawakupata nafuu hiyo. Wasiwasi wao uliongezeka na hofu ya kupitwa pia. Ndicho kilichokupata wewe Morogoro katika zile siku nne. Simu iliponyamaza, kazi ya mlinzi ikakuangukia wewe, ukawa unainuka kila mara kuchungulia mlango.

Kwa hiyo swali la kuwasha au kuzima linakupeleka pabaya. Jiulize hivi: nani ana haki ya kunikatiza nikiwa napima kitambaa mbele ya mteja? Nakuhakikishia hawafiki kumi. Ukishawajua hao, kazi iliyobaki ni kuiambia simu.

Nikueleze kwanza jinsi simu inavyofanya kazi ili unachobonyeza kiwe na maana. Kila programu uliyonayo haikai macho ikisubiri habari zake, betri isingefika adhuhuri. Simu ya Android inashika mawasiliano na mitambo ya Google kwa njia moja, na arifa nyingi hupitia hapo, kama barua za mtaa mzima zinazopitia sanduku moja la posta. Ukizima data usiku, barua zinangoja. Google huweza kuzishikilia hadi wiki nne, na WhatsApp nayo hukuhifadhia meseji zisizofika hadi siku 30. Ndiyo maana ukiwasha bando asubuhi zinamwagika zote kwa mkupuo. Kuzima data basi hakukupunguzii hata arifa moja, kunakurundikia tu.

Zikifika kwenye simu ndipo mpangilio wenye maana unapoanza. Tangu Android 8 iliyotoka mwaka 2017, kila programu inalazimika kuzigawa arifa zake kwa aina. Sisi watengenezaji tunaziita chaneli. Programu ya benki, kwa mfano, inaweza kuwa na chaneli ya miamala, ya usalama wa akaunti, na ya ofa. Kila chaneli ina ngazi yake: inayolia na kushuka juu ya skrini, inayolia tu, inayokaa kimya, na iliyo kimya kabisa kiasi kwamba hata alama yake haionekani juu ya skrini. Mtengenezaji anapanga ngazi mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo hana ruhusa ya kuipandisha wala kuirudisha. Ukiishusha wewe, imeshuka. Hata akiifuta chaneli na kuiunda upya kwa kitambulisho kilekile, inarudi na uamuzi wako ukiwa palepale.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi hawaamini kwamba neno lao ndilo la mwisho. Miaka kadhaa nilikuwa naandika sehemu ya arifa kwenye programu ya huduma za fedha, na niliona upande wa pili ulivyo. Watu wa mauzo walikuja wakasema chaneli ya ofa watumiaji wengi wameizima, kwa hiyo ofa zipitishwe kwenye chaneli ya miamala, maana hakuna anayethubutu kuzima habari za pesa yake. Nilibisha, nikashindwa, zikapitishwa. Baada ya muda watu wakaanza kuizima na chaneli ya miamala pia, na aliyekuwa na haki ya kujua kwamba pesa imetoka kwenye akaunti yake akawa hajui. Hadi leo jambo hilo linaniuma. Nakusimulia ili ujue cha kufanya ukikutana na programu ya namna hiyo, ambayo ukifungua aina zake za arifa unakuta moja tu, au unakuta matangazo yamevaa koti la muamala. Mfumo wa Android hauwezi kukusaidia hapo. Angalia ndani ya mipangilio ya programu yenyewe kama kuna mahali pa kukataa matangazo. Kama hapapo, zima arifa zake zote, utegemee meseji za kawaida. Mambo mengi ya pesa kwa simu yanakamilika kwa menyu za nyota na reli, *150*00# na wenzake, bila programu kabisa.

Namna ya kufanya kazi hii ni ndogo kuliko unavyodhani. Usikae chini na orodha ya programu zote, utachoka ukifika ya kumi. Fanya hivi kwa wiki moja: kila arifa inapoingia, ibonyeze uishikilie badala ya kuifuta kwa kidole. Utatokea ubao mdogo wenye machaguo ya kuiacha ilie, kuiweka kimya au kuizima, na alama ya mipangilio inayokupeleka moja kwa moja kwenye chaneli ileile iliyokukera. Amua papo hapo. Wasumbufu wakubwa ndio wanaokuja mara nyingi, kwa hiyo kufikia siku ya tatu utakuwa umeshawashughulikia wengi wao. Majina ya menyu yanapishana kidogo kati ya kampuni na kampuni za simu, ila kubonyeza na kushikilia kunafanya kazi kote.

Mikopo na mikeka usiipe hata hiyo nafasi ya kimya. Zima kabisa, na programu usiyoitumia iondoe kwenye simu. Android 13 ndiyo iliyoleta sharti kwamba programu mpya ikuombe ruhusa kabla ya kukutumia arifa, na ukiikataa mara mbili haiwezi kukuomba tena kwa dirisha lile. Lakini kama simu yako ilianza na toleo la 12 kisha ikapandishwa, programu zilizokuwamo zilivuka na ruhusa zao mkononi bila kukuuliza. Huenda ndiyo sababu unajiona umezungukwa na watu usiokumbuka kuwaalika.

Na hicho kinachosema simu yako ina virusi si virusi. Iangalie vizuri itakapokuja tena: kona ya juu utaona jina la Chrome, ile programu ya kufungulia tovuti, na chini yake anwani ya tovuti. Siku moja ulikuwa unatafuta matokeo ya mpira, ajira au filamu, ukurasa ukakuandikia ubonyeze Ruhusu ndipo uendelee, ukabonyeza. Tangu hapo tovuti ile inakutumia arifa kama programu yoyote. Usibonyeze ndani yake hata mara moja. Ishikilie, nenda kwenye mipangilio ya arifa za Chrome, utazikuta tovuti zimeorodheshwa moja moja kama chaneli, uzizime zote usizozifahamu. Siku nyingine ukurasa ukikutaka uruhusu arifa ili uone habari, kataa. Habari ya kweli haihitaji ruhusa hiyo ili isomeke.

Tuje kwenye pesa, na hapa naomba ukae nami kwa utulivu, kwa kuwa kwa mfanyabiashara hapa ndipo mpangilio wa arifa unapolipa kuliko kwingine kote.

Meseji za muamala huja kwa njia ya kawaida ya SMS, mlango uleule wanaopitia mtandao wa simu na ofa zake, wauza bando, bahati nasibu, na matapeli wa «ile hela tuma kwenye namba hii». Ukiizima programu ya meseji umeuzima mlango mzima, na ukiiacha ilie, kila tangazo linakuinua ukidhani ni malipo. Wafanyabiashara wengi wanaishi na hali hii miaka yote. Dawa yake ni kwamba tangu Android 11 ya mwaka 2020, kila mazungumzo yanaweza kupewa mpangilio wake peke yake. Kila mtumaji ni mazungumzo. Huduma yako ya pesa hutuma kwa jina lake, na matangazo mara nyingi huja kwa majina mengine.

Fungua meseji za huduma yako ya pesa, ingia kwenye maelezo ya mazungumzo yale, chagua arifa, kisha upe mazungumzo hayo mlio wake. Chagua mlio ambao hautumiki popote kwenye simu yako, ambao hata ukiwa stoo nyuma utautambua. Halafu uiondolee sauti ya kawaida programu ya meseji kwa kuiweka kimya, ila uwaache watu wako wa karibu. Kama programu ya meseji iliyokuja na simu yako haina mipangilio hiyo, ile ya Messages ya Google inayo na ni ya bure.

Umepata nini? La kwanza ni utulivu, matangazo yatakaa kimya hadi utakapoyafungua mwenyewe jioni. La pili ni kinga dhidi ya wizi ambao nimeuona ukiwapata akina mama wengi sokoni. Mteja anachagua mashuka mawili, anasema ameshatuma, na hapo hapo simu inaita meseji: umepokea shilingi elfu sitini kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadha. Maneno yote yamekaa kama ya kweli. Mama ana wateja watatu mbele yake, anatupia jicho skrini, anafunga mzigo. Jioni anakuta meseji ile ilitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Ukiwa na mlio maalumu wa pesa, meseji ya namna hiyo haitalia mlio ule, kwa sababu haitoki kwenye mazungumzo yale. Sikio lako litakuambia kabla ya jicho. Mlio ukikosekana, usifunge mzigo.

Sitaki uutegemee kupita kiasi. Wapo wanaoweza kughushi hata jina la mtumaji, na meseji ikajipenyeza katika mazungumzo yaleyale. Kwa malipo makubwa piga menyu uangalie salio, hata mteja akinuna. Mlio ni wa mauzo madogo ya kila saa, ambayo kwa kila moja kuangalia salio kungekula siku yako nzima. Na meseji za utapeli ukizipata Tanzania, zipeleke kwenye namba 15040, ndiyo iliyotengwa kuzipokea. Kwa matangazo ya kampuni halali zinazokutumia bila kukuuliza, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuwataka waache kutumia taarifa zako kwa matangazo. Waandikie. Wengi huacha wakiona unaijua sheria.

Jambo dogo linalofuatana na hili: simu ya dukani hukaa juu ya meza, na watu wanapita. Kwenye mipangilio ya arifa kuna sehemu ya skrini iliyofungwa. Chagua kuficha maudhui nyeti, ili ionekane tu kwamba kuna meseji bila kuonyesha kilichomo. Namba ya uthibitisho ya benki isisomwe na aliyekuja kuulizia bei.

WhatsApp haihitaji maneno mengi, kwa sababu imegawanyika vizuri yenyewe. Mlio wa meseji za mtu mmoja mmoja ni mbali na mlio wa magrupu. Ingia mipangilio ya arifa ndani ya WhatsApp, magrupu yote yaondolee mlio, meseji za watu uziache. Oda za mashuka haziji kwenye grupu la kamati ya harusi, zinakuja kwako moja kwa moja. Kwa hatua hiyo moja nadhani zaidi ya nusu ya kelele yako itaisha. Kikoba na grupu la wazazi wa darasa, kama unaona yanastahili, yape mlio wake kutoka ndani ya taarifa za grupu. Yaliyobaki unaweza kuyanyamazisha kwa saa 8, kwa wiki moja, au daima. Mtu hasikii kwamba umemnyamazisha, wala huonekani umetoka, kwa hiyo usiogope lawama za ukoo. Mtu akikutaja kwa jina ndani ya grupu au akijibu meseji yako, bado utaarifiwa. Wenzako wa kamati waambie hivyo: mkinihitaji, nitajeni. Wanaouliza «jamani mko wapi» hawatakupata, na hawakuwa wanakuhitaji wewe hasa.

Ila kuna oda iliyokupita ambayo huenda haikusababishwa na Usinisumbue hata kidogo. Umeeleza kwamba oda ni mbili, na wauzaji wengi wananiambia meseji inafika saa mbili baadaye, au pale tu wanapofungua WhatsApp. Kama hilo limewahi kukupata kabla ya zile siku nne, tatizo lako ni betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015 simu iliyolala mezani bila kuguswa huingia usingizi mzito, programu zikazuiwa kutumia mtandao isipokuwa kwa vipindi. Meseji iliyotiwa alama ya haraka inaweza kuiamsha. Lakini kampuni kadhaa za simu, hasa kwenye simu za bei nafuu, zimeongeza ukali wao juu ya huo, hadi programu inazimwa kabisa nyuma ya pazia ili wajisifu betri inakaa siku mbili. Na programu iliyosimamishwa kwa nguvu haipokei arifa mpaka uifungue kwa mkono wako.

Nenda kwenye Mipangilio, Programu, WhatsApp, kisha Betri, uchague isiwekewe vikwazo. Fanya hivyohivyo kwa programu ya meseji. Kama simu yako ina sehemu ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, ziwekee alama hapo pia. Usizifanyie programu zote hivyo, betri itakwisha kabla ya saa kumi. Mbili zinatosha. Na ile tabia ya kufungua orodha ya programu za karibuni na kuzifagia zote nje, iache. Hakuna betri utakayookoa ya maana, na kwenye baadhi ya simu ndiyo inayoua WhatsApp.

Sasa shule. Usinisumbue haikukosea, uliiwasha bila kuiambia nani ni nani. Ndani yake kuna orodha ya wanaoruhusiwa kupita. Waweke nyota kwenye majina ya simu: namba ya shule, mwalimu wa darasa, mama yako, mumeo au dada yako, na bodaboda anayempeleka mtoto kama yupo. Kisha kwenye Usinisumbue ruhusu simu kutoka kwa wenye nyota. Namba ya shule inaweza kuwa zaidi ya moja, ya ofisi na ya mwalimu mkuu, ziulize zote na uzihifadhi, kwa maana namba usiyoihifadhi ni mgeni machoni pa simu. Kisha hakikisha umewasha kipengele cha wanaopiga tena: mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inaita hata kama hana nyota. Bila shaka kilikuwa kimezimwa kwako, au zile simu tatu zilipishana kwa zaidi ya dakika hizo. Kipengele hiki kiko kwa ajili ya muuguzi anayekupigia kwa namba ngeni, au mtoto aliyeazima simu ya mpita njia.

Ukishapanga hivyo, Usinisumbue inakuwa salama kuitumia kila siku, na hata unaweza kuiwekea ratiba ijiwashe saa nne usiku na kujizima saa kumi na mbili asubuhi. Kengele ya kuamka italia kama kawaida ukiiruhusu, hiyo nayo iangalie. Kama mteja wako mkubwa wa jumla anatoka Dodoma na hupiga usiku akiwa safarini, mpe nyota naye. Huo ni uamuzi wako, mimi sina cha kukufundisha kuhusu wateja wako.

Bado iko ile hofu ya kupitwa, ambayo haitaisha kwa mipangilio peke yake katika wiki za kwanza. Fungua Historia ya arifa ndani ya mipangilio ya Arifa na uiwashe. Inakuwekea kila arifa iliyoingia katika saa 24 zilizopita, hata uliyoifuta kwa bahati mbaya huku mikono imejaa vitenge. Kisha jipangie nyakati tatu za kupitia yaliyokaa kimya: labda kabla ya kufungua duka, baada ya chakula cha mchana, na jioni ukifunga hesabu. Mara tatu, kama wale wa India. Ukijua saa saba utayaona yote, mkono hautaifuata simu saa nne. Wiki ya kwanza utashawishika kuchungulia, chungulia, lakini kila ukichungulia jiulize kama ulichokikuta kilistahili kukuinua. Kikistahili, kipe mlio. Kisipostahili, kiache palepale kilipo.

Ukimaliza, mwombe mtu akusaidie kujaribu. Washa Usinisumbue, iache simu mezani nusu saa bila kuigusa, nenda stoo. Mwambie mdogo wako aliye mbali apige kwa namba usiyoihifadhi mara moja: isiite. Apige tena baada ya dakika tano: iite. Kisha zima Usinisumbue, akutumie meseji ya kawaida uone inakaa kimya, na mwisho akutumie shilingi elfu moja ukiwa hukohuko nyuma, usikie kama mlio wako wa pesa unafika hadi kwenye marobota.